Mavazi Arobaini: Utayari wa Hospitali za Kakamega Kabla Mgonjwa wa Kwanza Hajafika



Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia alishikwa na homa, kichwa na kutapika. Siku chache kabla alikuwa amezuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Alifikishwa Nairobi akiwa anavuja damu, akafariki saa chache baada ya kulazwa. Daktari aliyehangaika kuokoa maisha yake, Shem Musoke, aliugua siku tisa baadaye. Ilikuwa Marburg. Daktari alipona, na virusi vilivyotolewa mwilini mwake vinahifadhiwa hadi leo katika maabara za nchi nyingi kwa jina lake, aina ya Musoke.

Nzoia ni hapo jirani Bungoma, na mto wenye jina hilo unapita kwetu Mumias. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tukizungumza kuhusu Ebola na Marburg huwa tunazungumza kana kwamba ni mambo ya msitu wa Kongo, na hapa kwetu yataletwa na taarifa ya habari. Vilevile kuna jambo ambalo mipango yetu mingi hailitazami. Dkt. Musoke hakuwa mzembe. Alikuwa na mgonjwa mahututi asiye na jina la ugonjwa.

Hoja yangu basi ni hii. Mgonjwa wa kwanza haji hospitalini akiwa na Ebola, huja akiwa na malaria. Anasema ana homa, viungo vinauma, amekosa hamu ya kula. Katika kaunti yetu, muuguzi yeyote mwenye akili timamu atampima malaria, na huenda kipimo kikatoka chanya kweli, maana watu wengi huku hutembea na vimelea vya malaria bila kuumwa. Hapo shaka yote inaisha. Anawekewa dripu, anafutwa matapishi, ndugu zake wanamshika mkono. Mavazi ya kinga yako stoo, yamefungwa vizuri.

Tazameni matukio ya miaka ya karibuni kwa majirani zetu. Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan tarehe 20 Septemba 2022, kitovu kikiwa Mubende. Hadi ulipomalizika Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua. Wahudumu wa afya walikuwa 19, na 7 kati yao walifariki. Daktari wa kwanza kufa alikuwa Mtanzania, Mohammed Ali, aliyekuwa akisomea upasuaji huko. Rwanda ilitangaza Marburg Septemba 2024. Kati ya wagonjwa 66, zaidi ya robo tatu walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali kubwa za Kigali. Sifa ya Rwanda katika tiba ni ya haki kabisa, kwani waliofariki walikuwa 15 tu, idadi ndogo mno kwa ugonjwa huo. Hata hivyo, moto ule ulienea ndani ya vyumba vya wagonjwa mahututi, mahali ambapo tungedhani kinga ni kamili.

Kisha Januari 2025, muuguzi wa hospitali ya Mulago mwenye umri wa miaka 32 alifariki Kampala kwa Ebola. Kabla ya kifo chake alikuwa ametafuta tiba sehemu kadhaa, ikiwemo Mbale. Nasema Mbale ya Uganda, si Mbale yetu ya Vihiga, ingawa kwa matatu na malori yanayopita Malaba na Busia tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Dalili za ugonjwa huu hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Katika siku hizo mtu anaweza kupita mpakani akiwa mzima, kipimajoto kisione kitu, akafika matanga ya Butere, akalala huko wiki nzima, ndipo aanze kuumwa.

Kutokana na hayo, naomba tupunguze kupiga picha mbele ya maboksi. Kila mlipuko unapotangazwa ng'ambo ya mpaka, tunaonyeshwa vifaa vilivyopokewa. Swali ninalotaka tulijibu ni jingine: saa nane usiku, mgonjwa anayetapika damu anashushwa kwenye bodaboda langoni, nani ana ufunguo wa stoo?

Tupige hesabu kidogo. Mgonjwa mmoja anayeshukiwa hutengwa chumba chake. Hakuna anayeingia peke yake. Wanaingia wauguzi wawili, na msafishaji mmoja baada yao au pamoja nao. Ndani ya suti ile nzito, mtu hufanya kazi kwa karibu saa moja, halafu jasho linaziba miwani na mikono inaanza kutetemeka. Wakiingia mara mbili tu kwa kila zamu, na zamu ni tatu, hayo ni mavazi 18 kwa siku. Sampuli ikisafirishwa hadi maabara ya KEMRI Nairobi na majibu yakachukua siku mbili, tumetumia mavazi 36. Ongeza manne kwa yatakayochanika au kuvaliwa vibaya. Arobaini. Hicho ndicho kiasi kinachoweza kuivusha hospitali ya kaunti ndogo hadi msaada ufike. Hakihitaji bohari. Kinaingia kwenye kabati moja la chuma karibu na mapokezi, pamoja na gambuti za saizi tofauti. Hili la gambuti nalisisitiza, kwa kuwa mara nyingi huletwa za namba kubwa pekee, ilhali wauguzi wetu wengi ni wanawake.

Hata hivyo, kabla ya suti kuna glovu. Kinga itakayomwokoa tabibu wa zamu ya usiku ni ile anayovaa kwa kila mgonjwa, kila siku, bila kungoja tangazo la Wizara: glovu mpya, barakoa, kitu cha kufunika macho mahali palipo na damu au matapishi, na maji yanayotiririka. Marehemu Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, ndiye aliyeutambua mlipuko wa Ebola wa mwaka 2000 na kufungua wadi ya kutenga wagonjwa kabla maabara haijamthibitishia. Waliokuwa naye husimulia kwamba siku moja alikimbilia muuguzi mgonjwa aliyezidiwa. Alikuwa amevaa barakoa, gauni na glovu. Macho hayakuwa yamefunikwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Ikiwa mtu wa ustadi ule alinaswa na pengo la miwani, mwanagenzi aliyeripoti juzi tutamwambia nini?

Kuvaa si kazi ngumu. Kuvua ndiko kunakoua. Sehemu ya nje ya vazi ndiyo yenye uchafu, na aliyechoka hutaka kulivua haraka kama anavyovua koti la mvua. Ndiyo maana lazima awepo msimamizi anayesimama kando, hagusi kitu, na kazi yake ni kusoma hatua kwa sauti: osha glovu, vua aproni, osha tena, vua miwani kwa kushika mkanda wa nyuma, osha tena. Barakoa hutoka karibu na mwisho, kisha mikono huoshwa. Msimamizi huyo anaweza kuwa mtu yeyote aliyefunzwa, hata karani. Anapaswa kuwa na mamlaka ya kumwambia daktari bingwa "simama", na daktari bingwa asimame. Kwa utamaduni wa vyeo katika hospitali zetu, hilo linahitaji mazoezi kuliko vazi lenyewe.

Wafanyakazi ambao hawapo ukumbini humu ni wasafishaji, walinzi wa lango na wahudumu wa chumba cha maiti. Wengi wameajiriwa na kampuni za kandarasi, hubadilishwa mara kwa mara, na mafunzo hayawafikii. Lakini mlinzi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa, na msafishaji ndiye anayebeba ndoo. Huyu ndiye anayechanganya dawa ya kuua vijidudu, Jik, na akikosea kipimo, wadi nzima inafutwa kwa maji matupu. Kwa Jik ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji hutoa nguvu ya asilimia 0.5 inayofaa kwa sakafu na vitu vilivyochafuka. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku, kwa kuwa hupoteza nguvu. Maandishi haya yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, na pale inapofaa kwa Kiluhya.

Maji nayo. Ni aibu kidogo kwa kaunti inayopata mvua karibu kila alasiri kuwa na mifereji mikavu hospitalini. Tangi la maji ya paa kwenye kila kituo lingetufaa kuliko semina mbili kama hii, na nasema hivyo nikiwa ndiye niliyealikwa kuzungumza.

Kuhusu fedha nitapita haraka, kwa kuwa kidonda cha 2020 kinajulikana. KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa vifaa vya tiba, ilinunua vifaa vya Korona vya shilingi bilioni 7.8, vingi kwa bei zilizopita za soko, na shehena kubwa ikabaki bohari. Julai mwaka huo tulimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza wa Kenya kufa kwa ugonjwa huo. Desemba tukampoteza daktari kijana, Stephen Mogusu, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona Machakos bila kulipwa mshahara kwa miezi. Mwezi huohuo wauguzi, matabibu na madaktari waligoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa bora vya kujikinga na bima ya afya. Mtu asiye na bima haingii chumba kile kwa moyo mmoja, hata umvike suti tatu. Kwa upande mwingine, Rivatex ya Eldoret ilionyesha kwamba barakoa zinaweza kushonwa hapa jirani. Gauni na aproni za kufuliwa zingeweza kuagizwa kwa njia hiyo hiyo, kidogo kidogo kila robo ya mwaka, pasipo kungoja dharura ipandishe bei.

Napendekeza zoezi moja. Kila baada ya miezi mitatu, bila taarifa, mtu aliyefunzwa aletwe langoni usiku akijifanya mgonjwa: homa, kutapika, safari ya Uganda. Saa ianze kuhesabu anapokanyaga lango. Ihesabiwe dakika hadi mlinzi amtenge, hadi muuguzi avae, hadi simu ipigwe kwa afisa wa kaunti. Matokeo yaandikwe bila kumtafuta wa kulaumiwa, la sivyo mwaka ujao tutaletewa dakika za kubuni.

Baada ya chai tutagawanyika kwa kaunti ndogo. Kila kundi lijibu maswali matatu: kabati la mavazi 40 litakaa chumba gani, ufunguo utashikwa na nani katika kila zamu, na chumba kipi kitaachwa wazi kwa mgonjwa wa kutengwa hata wadi zikifurika. Majibu yaandikwe kwa vyeo na kwa vituo, yaingie kwenye kumbukumbu za semina kabla hatujapanda magari ya kurudi.