CHETI CHASEMA SAMAKI, NDANI MNA BUNDUKI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya mambo ya bahari. Labda mwingine atauliza, mtu wa reli ana habari gani za bahari? Nami najibu: reli yetu yaanzia majini. Kila behewa liendalo bara lina cheti chake cha mzigo, na mara nyingi cheti kile kimeanza melini. Kikiwa cha uongo kule, ni cha uongo pia hapa stesheni, nasi ndio tunaousukuma uongo huo mpaka mwisho wa njia.

Neno langu leo ni moja. Mwizi wa samaki, mwuza silaha na mla rushwa ni watu watatu, lakini wote watatu hupita kwa cheti cha uongo. Nitawapeni mifano mitatu, yote ya bahari hii yetu ya Hindi.

Wa kwanza ni meli iitwayo Faina. Mwezi wa Septemba 2008 ilikuwa ikija Mombasa kutoka Ukraine, ikipeperusha bendera ya Belize. Ndani mlikuwa na vifaru 33 vya namna ya T-72 na silaha nyingine. Maharamia wa Kisomali wakaiteka pamoja na mabaharia 21. Nahodha alifia humo humo melini. Wenzake 20 walikaa mateka zaidi ya miezi minne, mpaka Februari 2009, maharamia walipolipwa dola milioni 3.2.

Serikali yetu ilisema vifaru vile ni vya jeshi la Kenya. Ndugu Andrew Mwangura wa Mombasa, aliyekuwa akiwasaidia mabaharia na jamaa zao, alisema vinakwenda Sudan ya Kusini. Baada ya kusema hivyo alikamatwa. Desemba 2010 barua za siri za mabalozi wa Marekani zikatoka hadharani, nazo zikasema kama alivyosema yeye. Na vifaru vyenyewe viliondoka bandarini juu ya mabehewa ya reli. Sasa fikirini, ndugu zangu: nani aliyetiwa ndani? Si yule aliyeandika mzigo, bali yule aliyesema unakwenda wapi.

Wale maharamia walijiita nini? Walijiita walinzi wa pwani! Haramia ni haramia, wala sitamsafisha mtu aliyewatesa mabaharia, ndugu zetu wa kazi. Lakini jina lile lilikuwa na asili yake. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, pwani ile ya zaidi ya kilomita 3,000 ilibaki bila askari. Meli kubwa za uvuvi zikaingia kutoka Ulaya na Asia, zikakokota nyavu zao usiku na mchana, zikaharibu nyavu za wavuvi wadogo. Wakubwa wa vita wakaona hiyo ni biashara. Wakauza leseni ambazo hawakuwa na haki ya kuziuza, wakaweka watu wenye bunduki kuzilinda meli zile. Fedha za samaki zikatunza bunduki, na bunduki zikalinda wizi wa samaki. Mvuvi mdogo akabaki na mtumbwi mtupu.

Mfano wa pili ni wa Februari 2016. Manowari ya Australia, jina lake Darwin, ilisimamisha chombo cha uvuvi kiasi cha maili 170 za bahari kutoka pwani ya Oman. Chombo hakikuwa cha nchi yo yote. Walipofunua nyavu hawakuona samaki. Waliona bunduki 1,989 za namna ya AK-47, na mizinga 100 ya begani ya kurushia makombora. Ilisemwa kwamba chombo kinakwenda Somalia, na wengine wakasema mwisho wa safari ni vita vya Yemeni. Sisi wa Kenya tulizika watu wetu wa Westgate mwaka 2013, na wa Garissa mwaka 2015. Sisemi kwamba bunduki zilizowaua zilipita njia hiyo. Nasema bunduki ikisha shuka pwani haina mwenyewe, wala haiulizi mpaka u wapi.

Mfano wa tatu ni wa Msumbiji, nao hauna haramia hata mmoja, ila watu wa tai na kalamu. Mwaka 2013 kampuni iitwayo Ematum ilikopa dola milioni 850, nchi ikiwa mdhamini. Watu waliambiwa ni fedha za vyombo vya kuvulia jodari. Baadaye serikali ikaandika milioni 500 kati ya hizo kuwa ni za ulinzi wa bahari. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba kulikuwa na mikopo mingine ya siri ya zaidi ya dola bilioni moja, nao wahisani wakafunga mifuko yao. Waziri wa Fedha aliyetia sahihi dhamana hizo, Manuel Chang, alihukumiwa New York mwezi wa Januari 2025 kifungo cha miaka minane na nusu. Lakini deni halikufungwa pamoja naye. Deni lilibaki kwa mwalimu, mwuguzi na kuli wa Maputo, ambao hawakuonja hata mkia wa jodari.

Ndugu zangu, mwaona? Mara tatu maneno ya juu ni mengine na mzigo wa chini ni mwingine.

Siku hizi kuna mkataba wa mataifa wa kukagua meli za uvuvi za kigeni zinapoingia bandarini. Ulianza kutumika Juni 2016, na Kenya imo. Mwaka 2018 nchi yetu ikaanzisha askari wake wa pwani. Hayo ni mema. Lakini askari hawezi kufungua kila sanduku. Anayeona ni kuli anayeinua, karani anayeandika, baharia anayelala juu ya shehena, na mtu wa reli anayefunga mabehewa. Yeye ndiye ajuaye kwamba uzito haulingani na cheti, au kwamba lakiri imevunjwa ikatiwa nyingine.

Mwingine atasema, "Hiyo si kazi yangu, mimi nangoja mshahara." Namwelewa, ana watoto. Lakini na tuambizane kweli. Mkubwa hawezi kupitisha cheti cha uongo bila mkono mdogo. Mkono mdogo hupewa shilingi chache, na siku ya kukamatwa ndio utiwao pingu, mkubwa akiwa kwake anakunywa chai.

Kwa hivyo naleta maombi matatu mbele ya mkutano.

Kwanza, Chama kidai katika mapatano na waajiri kwamba mfanya kazi asifukuzwe wala asihamishwe kwa sababu ya kueleza kwamba mzigo haulingani na cheti chake.

Pili, mtu akiona jambo la namna hii asiende peke yake kwa mkubwa. Alete kwa katibu wa tawi namba ya behewa, tarehe na saa, na habari iende kwa barua ya Chama. Mtu mmoja ni rahisi kumkamata. Tawi zima ni kazi.

Tatu, sisi wa reli tukutane na ndugu wa bandari na mabaharia kila miezi mitatu. Mzigo ni ule ule mmoja, nao hupita kwetu sote.

Tusipoyafanya haya, tutaendelea kubeba tusichokijua na kulipa tusichokopa. Naomba Ndugu Mwenyekiti aweke maneno haya kwa kura kabla hatujatawanyika.

Umoja ni nguvu.