Kutafuta Chanzo cha Mlio wa Ekseli ya Nyuma na Difu katika Lori la Zamani

Mlio unaotoka nyuma ya lori hutafutiwa mahali pake kwanza, kisha ndipo spana huingia. Bomba la ekseli husafirisha sauti ya habu hadi kwenye difu na ya difu hadi kwenye habu, na chasisi nayo humfikishia dereva sauti ya propela na ya giaboksi kana kwamba zote zinatoka mahali pamoja. Difu ikifunguliwa bila sababu, mpangilio wa shimu zake huweza kuvurugika, na lori lililoingia gereji kwa ajili ya beringi ya tairi hutoka na difu inayolia kweli.

Huko Nanyamba, mkoani Mtwara, hasara hiyo huuma zaidi msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori ya Fuso na Isuzu ya miaka mingi yanapopokezana kubeba magunia kutoka maghala ya vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) kuelekea Mtwara mjini. Lakini njia za huko humpa fundi mahali pazuri pa kufanyia majaribio. Safari moja hupita lami na mchanga, na mteremko wa kushuka kutoka Uwanda wa Makonde kuelekea bonde la Ruvuma huonyesha jinsi difu inavyolia lori linapojizuia kwa gia.

Tairi huondolewa shaka mapema. Sauti ya tairi iliyolika vibaya hubadilika lami inapoisha na mchanga kuanza, wala haijali kama mguu uko kwenye mafuta au la. Mlio wa gia hufanya kinyume chake: hubaki vilevile barabara ikibadilika, na hubadilika mara mguu unapoachia.

Baada ya hapo mwendo hutoa kipimo. Lori lenye tairi ambayo mzingo wake ni mita 2.5 likienda kilomita 36 kwa saa, tairi huzunguka mara 4 kwa sekunde. Kraunwili ikiwa na meno 41 na pinioni meno 8, pinioni huzunguka zaidi ya mara 20 katika sekunde hiyo hiyo. Mdundo mzito na wa polepole unaofuatana na mzunguko wa tairi huelekeza kwenye habu, au kwenye jino la kraunwili lililovunjika. Mdundo ukienda kasi mara tano hivi, wa kushukiwa ni beringi za pinioni, jino la pinioni au propela. Mlio mwembamba usiokatika ni wa meno yenyewe yanaposagana.

Jaribio la mguu ndilo linalofaa kufanywa bila haraka. Katika mwendo mmoja, dereva huvuta, kisha hushikilia mafuta kiasi cha lori kutovuta wala kujizuia, kisha huachia kabisa gia ikiwa ndani. Mlio wa wakati wa kuvuta peke yake huonyesha upande wa meno unaobeba mzigo, au pinioni iliyohama kina chake. Mlio wa wakati wa kuachia huelekeza kwenye beringi za pinioni zilizolegea au nati yake isiyokaza. Mara nyingi flanji ya pinioni ikishikwa kwa mkono huonekana ikicheza mbele na nyuma. Mlio usiobadilika katika hali zote tatu huwa wa beringi. Kelele inayotokea kwenye kona tu ni ya gia ndogo za ndani, zile spaida na washa zake, kwa kuwa lori likienda moja kwa moja hazizunguki kwenye vyuma vyake. Beringi ya habu nayo huongeza sauti mzigo unapoiegemea: lori likikata kushoto na mdundo ukazidi, habu ya kulia hukaguliwa kwanza. Kishindo kimoja wakati wa kuondoka si lazima kiwe cha difu. Krosi za propela huangaliwa kabla yake, pamoja na senta beringi.

Malori haya yana faida moja ambayo mafundi wengi hawaitumii. Hafshafti zake huchomolewa bila kutoa tairi. Zikitoka zote mbili, injini huwashwa na gia kuingizwa: propela na difu huzunguka, lori limesimama. Mlio ukisikika, uko kati ya giaboksi na difu. Usiposikika, matokeo hayatoshi kuiondolea difu shaka, maana haina mzigo; lori likivutwa polepole hivyo hivyo na mdundo ukabaki, umo kwenye habu au kwenye tairi. Tahadhari yake ni kubwa: katika malori mengi ya aina hii breki ya mkono hukamata propela nyuma ya giaboksi, hivyo hafshafti zikitoka hakuna kinachozuia magurudumu. Vigingi au mawe makubwa huwekwa pande zote kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.

Kisha oili ya difu humwagwa kwenye chombo safi. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya plagi ni la kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni vya jino au beringi. Oili nyeupe kama maziwa imeingiliwa na maji, jambo linalotokea ekseli ya moto inapoingia madimbwini na kupoa ghafla, hasa tundu la kupumulia likiwa limezibwa na vumbi.

Difu ikilazimika kufunguliwa, kraunwili na pinioni hupakwa rangi na kuzungushwa kabla ya kuondolewa. Alama iliyokaa chini kwenye shina la jino inaonyesha pinioni imesogea karibu mno. Iliyokaa kwenye ukingo wa juu, imekaa mbali. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia mahali kadhaa na kulinganishwa na kitabu cha gari husika. Vyuma hivi viwili hubadilishwa pamoja, kwa sababu vilisagwa pamoja kiwandani, na namba zinazolingana huandikwa juu yake. Seti mpya huanza na mzigo mwepesi, na oili yake ya kwanza humwagwa mapema ili chembe za mwanzo zisibaki kwenye beringi.