Dakika 20 Kabla ya Hesabu

Samaki wa katuni anaogelea kwenye kioo cha kompyuta, na mtoto anatakiwa kujibu haraka: anaelekea kulia au kushoto? Picha nyingine zimewekwa makusudi kumvuruga.

Mchezo huo ulitumiwa na mtafiti Matthew Pontifex wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Watoto walikuwa 40, wa miaka 8 hadi 10. Nusu yao walikuwa na ADHD, ile hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukazia akili jambo moja, na ambayo wengi huku kwetu huiita utundu tu. Watoto wote walitembea kwa kasi kwenye mashine dakika 20. Wakati mwingine walikaa wakisoma. Baada ya kutembea, makundi yote mawili yalifanya vizuri zaidi, katika mchezo wa samaki na katika majaribio ya kusoma na hesabu. Wenye ADHD, wakikosea, walipunguza papara kwenye swali lililofuata.

Ni utafiti mdogo. Hata hivyo, unatia shaka ile adhabu ya kumnyima mtukutu mapumziko.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, walio na ulemavu wakiwemo. Kwa hiyo asiyeona haachwi chini ya mwembe akilinda mashati ya wenzake: mpira wa goliboli, mchezo wa wasioona, una njuga ndani, na wachezaji wote hufungwa macho. Anayetumia kiti cha magurudumu naye hushindana kuzunguka uwanja, mradi mashimo yafukiwe kwanza.