Uliza Kwanza Mnunuzi Anakula Nini

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya wakulima)

Leo tuongee juu ya soko. Nitaanza mbali, huko India, halafu turudi kwa viazi vyetu.

Iko kampuni ya Marekani, McDonald's. Inajulikana kwa mkate wenye nyama ya ng'ombe katikati. Mwaka 1996 ilifungua mkahawa wake wa kwanza India, mjini Delhi. Sasa fikirini: Wahindu wengi hawali ng'ombe, Waislamu hawali nguruwe, na wengine wengi hawagusi nyama yoyote. Je, kampuni iliwalazimisha? Hapana. Iliacha ng'ombe na nguruwe, ikatumia kondoo, baadaye kuku. Ikatengeneza McAloo Tikki, ambayo ndani yake ni viazi na njegere zenye viungo. Jikoni, mapishi ya nyama na yasiyo ya nyama yakatengwa, kila upande na vyombo vyake.

Tena, miaka kadhaa kabla ya kufungua mlango, ilianza kutafuta wakulima. Kule Gujarat, kampuni ya McCain iliwafundisha wakulima kulima viazi vya chipsi kwa mkataba.

Basi turudi nyumbani. KFC ilifika Kenya mwaka 2011. Januari 2022 iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa. Watu walikasirika: mbona waagize nje na Nyandarua viazi vimejaa? Kampuni ilijibu kwamba anayeiuzia lazima kwanza apimwe ubora. Baadaye ikasema itatafuta viazi vya hapa.

Ndugu zangu, hasira peke yake haiuzi gunia. Shangi yetu huiva upesi, lakini pia huchipua upesi ikiwekwa ghalani. Kwa hiyo kila kikundi kifanye hivi:

1. Kabla ya kupanda, muulizeni mnunuzi anataka aina gani, ukubwa gani, na lini.
2. Andikeni mbegu mliyotumia, dawa mliyopiga na tarehe.
3. Kusanyeni mazao pamoja. Gunia moja moja halina sauti.
4. Mkataba usomwe mbele ya wanachama wote, kwa lugha wanayoelewa, kabla ya sahihi. Viazi vikikataliwa, hasara ni ya nani?

Ikiwa kampuni kubwa namna ile iliuliza kwanza watu wanakula nini, sisi tunaona haya gani kuuliza? Nendeni mkajadili swali hilo la nne kwenye mkutano wenu ujao.