Nahodha wa Manowari ya Bomba Tatu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kibiti)



Tumetakiwa na Kamati tunene habari za mtumishi mmoja wa serikali aliyeufikia mwisho wa utumishi wake kwa cheo na heshima. Tumemchagua mtu asiye wa kabila zetu, tena mtumishi wa serikali iliyokwisha kuondoka katika nchi hii zamani. Lakini kazi iliyompatia jina ilifanyika hapa hapa, katika milango ya mto wetu wa Rufiji. Mtu huyo ni Bwana Max Looff, afisa wa jeshi la bahari la Wadachi.

Alizaliwa mwaka wa 1874 katika mji wa Strasbourg, ambao siku zile ulikuwa chini ya Wadachi na sasa u katika Ufaransa. Akaingia katika utumishi wa bahari angali kijana, akapanda daraja moja moja kama apandavyo karani, hata katika mwaka wa 1914 akapewa manowari iitwayo Königsberg na kuamriwa kuja pwani ya Afrika ya Mashariki. Manowari hiyo ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi, mizinga mikubwa 10, na mabaharia zaidi ya 300. Ilipoingia bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Juni, wenyeji hawakujisumbua na jina lile gumu; walitazama madohani yake, wakayahesabu, wakaiita "Manowari na bomba tatu". Jina hilo ndilo lililodumu katika vinywa vya watu wa pwani.

Vita vilipokaribia, Bwana Looff alitoka bandarini tarehe 31 Julai ili asifungiwe ndani. Nje alizikuta manowari tatu za Waingereza zikimngojea, naye akazitoroka kwa mwendo wa manowari yake. Tarehe 6 Agosti, katika bahari ya Arabuni, aliikamata meli ya biashara ya Waingereza iitwayo City of Winchester, iliyokuwa imepakia chai. Akatwaa makaa yake ya mawe kisha akaizamisha.

Makaa hayo, ndugu zangu, ndiyo yaliyomtawala nahodha huyu kuliko adui. Manowari ya siku zile ilikula makaa kama moto ulavyo nyasi kavu, wala hakuwa na bandari ya kuyapata. Dar es Salaam nayo ilikuwa imezibwa na Wadachi wenyewe, waliozamisha chelezo mlangoni ili Waingereza wasiingie. Basi hata mwenye nyumba hakuweza kurudi nyumbani. Ndipo alipokumbuka Rufiji. Meli ya Kidachi ya upimaji ilikuwa imekwisha kuipima milango ya mto huu, na Waingereza hawakuwa na ramani iliyo njema kama ile. Mwanzoni mwa Septemba alipita katikati ya mikoko, akatia nanga Salale.

Tarehe 20 Septemba alfajiri alitokea Unguja ghafula, akaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengeneza matanuru yake. Kwa muda mfupi tu iliharibiwa kabisa, ikazama, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji. Hiyo ndiyo siku iliyomtukuza Bwana Looff kwao. Lakini baada ya ushindi huo chombo kimoja cha mtambo wake kilivunjika, akalazimika kurudi mtoni; na tangu siku hiyo Königsberg haikuiona tena bahari kuu.

Hapa tuseme neno kwa ajili ya wenzetu wa kalamu. Waingereza walimtafuta pwani nzima wasimwone. Kisha, katika mwezi wa Oktoba, waliingia Lindi, wakaikagua meli ya Kidachi iliyokuwa pale, na ndani yake wakapata karatasi zilizoonyesha kwamba matishari ya makaa yalipelekwa Rufiji. Karatasi za shehena, za namna tuziandikazo kila siku bila kufikiri! Tarehe 30 Oktoba wakaiona milingoti yake ndani ya mikoko, ijapokuwa ilikuwa imefungiwa matawi. Ajuaye thamani ya faili na ajifunze hapo.

Ndipo kulipoanza kungojeana kwa muda wa miezi minane na zaidi. Waingereza walizamisha meli kuukuu iitwayo Newbridge katika mlango wa Suninga ili kumfungia njia, lakini mto huu una milango mingi. Walileta ndege ya majini, ambayo siku zile ilikuwa ajabu. Rubani wake akakamatwa. Walimtuma mwindaji wa tembo, Pretorius, kupeleleza na kupima vina vya maji, naye aliifanya kazi hiyo akisaidiwa na wenyeji waliojua kujaa na kupwa kwa kila kijito. Mwishowe walileta kutoka Ulaya manowari mbili fupi, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zisizohitaji kina kirefu. Zilikaa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukitwaa, na ndege zikapaa kutoka huko. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 Julai zilirudi. Ndege ilizunguka juu ikionyesha makombora yaangukako. Hata ilipopigwa na kuanza kuanguka, waliokuwamo waliendelea kupeleka habari. Königsberg ikashika moto. Bwana Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru manowari yake ivunjwe kwa baruti isije ikatwaliwa.

Wako wasemao kwamba alikuwa mwoga aliyejificha matopeni. Sisi hatukubali. Mtu aliyekaa katika joto na mbu muda huo wote, mabaharia wake wakiugua, makaa hana, na bado akazizuia manowari nyingi za adui zisiende kwingine, huyo aliijua kazi yake na aliitimiza. Lakini wala hatukubaliani na wale wamsifuo kana kwamba aliifanya peke yake. Na hilo ndilo lililotufanya tusimame mbele yenu leo.

Fikirini habari ya kile chombo kilichovunjika. Salale hapakuwa na karakana ya kukitengeneza. Karakana ilikuwa Dar es Salaam, mwendo wa karibu maili mia kwa nchi kavu. Kila mmoja wetu ameisafiri nchi hiyo, twajua mchanga wake na mabonde yake wakati wa mvua. Hapakuwa na reli upande huu, wala motokaa za kubeba vyuma kama vile. Vyuma vile vilikwenda Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudi mtoni, na manowari ikawa tayari kwa safari tena. Viliburutwa kwa nguvu za watu. Na manowari ilipokwisha kuvunjwa, mizinga yake yote 10 ilitolewa ndani ya maji na matope, ikavutwa hadi Dar es Salaam. Huko ikatiwa magurudumu ikatumiwa katika vita vya nchi kavu karibu nchi nzima. Mmoja wao umesimama Pretoria mbele ya majumba ya serikali, na mwingine uko katika Ngome ya Yesu huko Mombasa. Watazamaji huenda wakaipiga picha, na kibao huwaambia ni mizinga ya nani.

Ni nani waliovuta kamba? Vitabu tulivyovisoma vyataja jina la nahodha, la msaidizi wake, la rubani wa ndege, hata la mwindaji wa tembo. Vikifika kwenye kamba, vyasema "wenyeji", au "wapagazi", kisha vyapita. Sisi makarani twajua maana yake. Mtu asiyeandikwa katika daftari hana mshahara, hana likizo, hana kiinua mgongo; akifa njiani hapana barua inayokwenda kwao. Katika Vita vile wapagazi waliokufa, kwa pande zote mbili, walikuwa makumi ya maelfu. Sanamu iliyowekwa Dar es Salaam mwaka wa 1927 ni ya askari. Nairobi waliongeza mpagazi kando ya askari, nasi twaona walifanya vema zaidi.

Naye Bwana Looff? Utumishi wake umeandikwa wote bila pengo. Baada ya kupoteza manowari aliendelea na vita katika nchi kavu pamoja na mabaharia wake. Mwezi wa Novemba 1917, jemadari von Lettow-Vorbeck alipochagua wenye nguvu tu wa kuvuka naye Ruvuma, Bwana Looff aliachwa Nambindinga pamoja na wagonjwa na majeruhi, akajitoa mikononi mwa Waingereza. Alirudi kwao vita vilipokwisha, akastaafu, na cheo chake cha mwisho kilikuwa makamu amiri wa bahari. Aliandika vitabu juu ya mambo aliyoyaona. Kimojawapo alikiita Tufani, neno alilolichukua katika lugha yetu. Alifariki mwaka wa 1954, umri wake miaka 80. Manowari yake ilibaki imelala upande katika mto hata miaka ya 1960, ilipokatwakatwa kuuzwa vyuma vikuukuu, na masalio yakamezwa na tope.

Hatumwonei wivu kwa heshima aliyopewa. Mtumishi aliyetumika na astaafu vizuri, ndilo tulitakalo kwa kila mwanachama. Lakini hata katika maofisi ya siku hizi wako vibarua waliokokota majalada na kufagia nyua miaka mingi, na majina yao hayamo ila katika vipande vya karatasi vya malipo ya siku. Twalisema hili bila kumtaja mtu.

Basi tuna ombi moja kwa Kamati. Waliovuta wamekwisha kufa wote, na watoto wao pia, wajukuu wangaliko. Ombi letu ni kwamba Chama kitoe daftari moja jipya, lenye mistari, likae mikononi mwa Katibu, na wanachama wenye jamaa huko Salale, Msala na vijiji vingine vya milangoni wapelekewe karatasi za kuulizia. Maswali yawe machache: jina la aliyevuta, na jina la baba yake, kijiji chake, alivuta nini, chombo cha mtambo au mzinga, njia waliyopita na mahali walipolala, alilipwa nini, au hakulipwa, alirudi, au hakurudi. Na chini yake liandikwe jina la aliyesimulia na tarehe, ili asomaye baadaye ajue habari imetoka wapi. Anayekumbuka nusu ya habari aiandike nusu hiyo, asiijazie. Karatasi za kwanza zikifika kabla ya mvua za masika, tutaanza kuzinakili mara moja.