Siku Mbili Katika Nchi ya Wahehe

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya utumishi wa umma. Niliomba radhi, kwa kuwa habari za ofisini mnazisikia za kutosha, na badala yake nitawasimulia safari ya siku mbili niliyoifanya Iringa. Wale wa darasa letu watakumbuka kwamba tulikwenda huko mwaka 1996, tukiwa kidato cha tatu, tumesimama nyuma ya lori tangu alfajiri. Safari hii nilikwenda peke yangu, kwa nauli yangu mwenyewe, na nilipata kiti.

Nilipanda basi Morogoro. Kondakta alipopokea mfuko wangu alishtuka. "Mzee, humu umepakia nini, mawe?" Nikamjibu kuwa ndiyo, ni jiwe. Akacheka, akausukuma chini ya kiti. Jiwe hilo nitalirudia.

Baada ya Ruaha Mbuyuni na mibuyu yake, barabara hupanda Mlima Kitonga, na ukifika juu unatafuta koti. Kabla ya mji kuna Lugalo. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yalipoushambulia kwa ghafula msafara wa Wajerumani uliokuwa njiani. Kiongozi wao, Zelewski, aliuawa pamoja na askari wengi, na vita yenyewe haikuchukua muda mrefu. Basi halikusimama. Niliutazama mnara wa ukumbusho kupitia dirishani, na jirani yangu alikuwa amelala.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kalenga kwa daladala. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, na Ruaha Mdogo unapita karibu. Mtu asiyejua angedhani ni kijiji kama vijiji vingine: mahindi, nyumba za matofali, watoto wanaokusalimu "Kamwene." Lakini hapa palikuwa na ngome ya mawe ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga na kuiteka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne, kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000, mpaka alipojipiga risasi huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Hayo sote tuliyakariri kwa mtihani. Ambalo mimi sikulifikiri wakati ule ni jinsi fuvu lilivyorudi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilikabidhi katika miezi sita. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi sana, na la Mkwawa halikuwa na kibandiko cha jina. Ikabidi vipimo vya mafuvu vilinganishwe na vipimo vya vichwa vya jamaa wa ukoo wa Mkwawa, na likachaguliwa moja lililokaribiana navyo, lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Wako wataalamu wanaotilia shaka kama fuvu lile ndilo. Nilisimama mbele ya sanduku la kioo kwa muda, nikiwa na shaka hiyo moyoni, na sikuona kwamba inapunguza heshima ya mahali pale. Lakini ilinikera. Mtu huyo alijulikana nchi nzima, na waliomchukua kichwa hawakujali hata kuandika jina.

Mchana nilikodi bajaji kwenda Isimila, kilometa kama ishirini kwa barabara ya Mbeya. Korongo ni lile lile, na zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua bado zimesimama. Zamani sana palikuwa na maji, na watu wa kale waliacha kandokando yake mashoka ya mawe kwa mamia. Daftari langu la 1996 linasema yana umri wa miaka 60,000. Kumbe vipimo vilivyotolewa tangu mwaka 1972 vilikuwa vimefikisha kama 260,000. Daftari letu lilichelewa kidogo.

Sasa lile jiwe. Siku ile ya 1996, mwalimu alipokuwa akieleza habari za viboko wa kale, mimi niliokota shoka moja, refu kama shubiri, nikalificha ndani ya sweta. Limekaa nami tangu hapo: bwenini, Chuo Kikuu, kisha juu ya meza yangu ya kazi, likizuia karatasi zisipeperushwe na pangaboi. Katika ofisi ambayo hata kiti kibovu kina namba ya mali ya serikali, jiwe hilo peke yake halikuwa na namba. Wageni walilisifu. Nami ni mtumishi ninayewakumbusha wananchi sheria kila siku, na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964.

Mlinzi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimwamkia, nikafungua mfuko, nikamweleza yote. Nilitazamia karipio, au pengine, niseme kweli, shukrani. Aliligeuza mkononi, akaniuliza, "Ulilitoa wapi hasa?"

Nikanyosha kidole, nikasita. Kingo zimeporomoka kwa mvua za miaka karibu thelathini. Nilijaribu upande huu, nikajaribu ule.

"Lingekuwa mahali pake, mwanangu, lingewaeleza wataalamu ni la tabaka la juu au la chini, na lililala na vitu gani. Sasa ni jiwe zuri tu."

Akachukua kalamu, akaandika katika daftari lake: limerudishwa, mahali halijulikani. Kisha akaliweka pembeni, mbali na mengine.

Nilikuwa nimekusudia kufika Mlambalasi Jumapili, lakini sikuwa tena na hamu. Nilirudi Morogoro kwa basi la asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, siku ile tulioficha mawe tulikuwa wanne. Majina sitayataja, ingawa wawili nawaona safu ya pili wakitazama sakafu. Mwezi ujao nitapita tena Iringa kwa kazi. Mfuko ninao, na kondakta nimemzoea. Mwenye lake aniletee kabla ya tarehe ishirini, na kama anakumbuka alipoliokota, hata kwa kukisia, aniandikie kwenye karatasi.