Picha ya Ukutani kwa Mtoto na kwa Aliyempakata

Ndugu wakalimani na wahudumu wa afya ya jamii kutoka Louisville, Columbus na Buffalo, nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa picha katika hospitali za watoto. Hoja yangu ni kwamba picha ya wodi ya watoto ina watazamaji wawili, mtoto mgonjwa na mzazi aliyempakata, na mara nyingi wachaguzi humfikiria wa kwanza peke yake. Mzazi akiingiwa na hofu, mtoto huihisi mikononi mwa mzazi huyo kabla hajaelezwa lolote.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala karibu na dirisha lenye kuonyesha miti walitoka mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Tangu hapo mandhari ya asili yamependwa sana na wapambaji wa hospitali. Lakini si kila kinachowapendeza wapambaji huwapendeza watoto: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwahoji watoto zaidi ya 250 wenye umri wa miaka 4 hadi 16, wakakuta kwamba michoro ya wachekeshaji wa sarakasi haiwapendezi, na baadhi yao inawatisha. Watu wazima walikuwa wameipaka kwa upendo, bila kuuliza.

Kuuliza huko ndiko ninakokutaka kwa watu wetu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Ukumbi wa hospitali ya Nationwide Children's mjini Columbus, katika jengo lililofunguliwa 2012, una msitu wenye wanyama wakubwa wa kuchongwa kwa mbao. Naupenda, kwa sababu mtoto anaweza kumgusa mnyama badala ya kumtazama tu. Mtoto aliyezaliwa hapa anauona msitu wa hadithi. Mama aliyewahi kulala porini na watoto mgongoni, akikimbia vita vya Kivu, huenda akaona kingine. Sisemi msitu uondolewe ukumbini, wanakopita watu. Nasema usipandishwe hadi chumba cha kulazwa, anakokesha mama huyo, kabla hajaulizwa.

Mfano wa bundi ni mzito zaidi. Katika vitabu vya watoto vya Marekani bundi ni ndege mwenye hekima, na huchorwa sana mahali pa watoto. Kwa wengi wetu, kuanzia Lamu hadi Uvira, ni ndege wa uchuro. Akilia juu ya paa watu husubiri habari ya msiba. Mzazi anayengoja majibu ya damu ya mwanawe chini ya bundi hatamwambia daktari lolote. Atamwambia mkalimani, tena wakiwa njiani kutoka, na neno lake litaishia hapo msipolifikisha.

Vivyo hivyo kwa vinyago vinavyoning'inizwa kwa nia njema ya kuikaribisha Afrika: familia nyingi za makanisa ya Kongo huvihusisha na uchawi. Na kwa Wabarawa na Wasomali wa Columbus, mahali pa kuswalia panafaa nakshi, mfano wa zile za milango ya Lamu na Zanzibar, kuliko sura za viumbe.

Basi kiwekwe nini? Buffalo iko kando ya Ziwa Erie, na imepokea Wakongo na Warundi wengi waliokulia kando ya maziwa. Mchoro wa wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na mitumbwi yao mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, utaeleweka kwao na kwa mtoto wa mvuvi wa Erie pia. Louisville ina bondia Muhammad Ali, aliyezaliwa hapo 1942 na kupigana Kinshasa 1974. Baba wa Kikongo hahitaji kuelezwa ni nani. Achorwe akicheka na watoto, si akirusha ngumi. Hata michoro ya Tingatinga, iliyoanzia Dar es Salaam kwa rangi za mafuta zinazong'aa, inafaa, mradi wachaguliwe wanyama wapole na kazi ifunikwe kwa plastiki ngumu inayofutika kwa dawa. Kioo kinavunjika, na turubai tupu hunasa vumbi. Tena picha iwekwe kwa kimo cha aliyelala, hata darini. Mtoto anayesukumwa kwenye kitanda cha magurudumu huona dari, na dari nyingi hazina kitu.

Ndugu zangu, kabla hospitali ya mji wenu haijaagiza michoro ya jengo jipya au ya ukarabati, ombeni kiti katika kamati. Chukueni nakala za picha zinazopendekezwa, mwonyesheni kila mzazi na mtoto wake pale wanaposubiri, andikeni wanayosema kwa lugha yao, kisha yapelekeni kwenye kikao yakiwa yametafsiriwa. Ukuta ukishapakwa, ni vigumu kupata fedha za kuupaka tena kwa sababu ya mama mmoja aliyemwogopa bundi.